Mpira wa shafti na rejeta iliyolazwa: uchambuzi wa msimu mmoja wa rali na gari lililosukwa upya

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha timu ndogo ya binafsi inayoshindana katika rali za ndani nchini Kenya. Majina ya timu, dereva, mwelekezi (anayemsomea dereva noti za njia), mafundi na wauzaji wa vipuri yameondolewa, na raundi zimepewa namba tu. Vipimo ni vya gari lenyewe, vikisogezwa kwenye namba kamili iliyo karibu. Uchambuzi umeandikwa kwa ajili ya mafundi na wenye timu wanaofikiria kusuka upya gari walilonalo badala ya kununua jingine.

Usuli

Timu ilikuwa na watu saba: dereva, mwelekezi, fundi mkuu, mafundi watatu na mhandisi mmoja aliyefika gereji mwisho wa wiki. Gari lao ni Mitsubishi Lancer Evolution X, injini ya 4B11 yenye turbo, cc 1998, inayovuta magurudumu yote manne. Kwa misimu mitatu lilikimbia karibu kama lilivyoandaliwa kwa kanuni za Kundi N, yaani gari la barabarani lenye mabadiliko machache: bodi ya chuma, rejeta iliyosimama wima, shokabzoba zenye mwendo (umbali wa kupanda na kushuka) wa milimita 190 mbele. Lilikuwa gari la kumaliza, na fundi mkuu alijivunia hilo kwa haki.

Kilichokosekana ni kasi. Kwenye moramu laini gari lilipoteza kama sekunde moja kwa kila kilomita dhidi ya magari ya Rally2. Penye mawe na makorongo lilipoteza sekunde tatu. Katika mkondo (kipande cha njia kinachopimwa muda) wa kilomita 30 hiyo ni dakika moja na nusu, na hakuna ujasiri wa dereva unaoweza kuirudisha. Gari la Rally2 lina injini ndogo, cc 1600, na kizuizi cha hewa inayoingia kwenye turbo cha milimita 32, lakini limebuniwa kwa mashindano tangu mchoro wa kwanza. Uzito wake wa chini unaoruhusiwa ni kilo 1230 na miguu yake ina mwendo mrefu. Evolution ni gari la barabarani lililopewa kazi ya rali, na hili lilikuwa na kilo 1380.

Mikondo ya Bonde la Ufa haimhurumii mwenye miguu mifupi. Kuzunguka Naivasha na Elmenteita kuna vumbi la volkano laini kama unga, madereva hulitaja feshi-feshi, na chini yake mawe hayaonekani. Kajiado kuna mawe ya wazi na drifti za saruji zinazokatiza mito mikavu. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hushika tairi mpaka linakuwa duara la matope. Dereva wa gari hili alikuwa akiachia mafuta mapema kabla ya kila drifti kwa sababu alijua shokabzoba zingefika mwisho na bodi ingepigwa. Muda ulipotelea hapo.

Kununua Rally2 kulikuwa nje ya uwezo wao. Daraja walilohamia liliruhusu mabadiliko makubwa kwenye magari ya aina hii, wakaamua kulisuka upya lile lile. Walikuwa na wiki 11 kabla ya raundi ya kwanza.

Kilichobadilishwa

Mambo manne yaliguswa kwa pamoja.

Miguu ya mbele na nyuma ilipewa shokabzoba mpya zenye mwendo wa milimita 250, yaani milimita 60 zaidi. Bodi iliinuliwa milimita 20. Mikono ya chini ya mbele ilitengenezwa upya kwa bomba la chuma na kurefushwa kidogo, na springi zikalainishwa kutoka Newton 35 kwa milimita hadi 28.

Rejeta ililazwa nyuma kwa nyuzi kama 25, na kipoza hewa cha turbo kikawekwa mbele yake kwa mlalo wa upande wa pili, hivyo viwili hivyo vikaunda umbo la V. Nia ilikuwa kupitisha hewa nyingi zaidi na kuvisogeza vyote nyuma ya bampa ili visivunjwe na mawe.

Uzito ulipunguzwa kwa kilo 70. Boneti, mlango wa buti na paneli za ndani za milango zikawa za faiba, betri ikahamishiwa nyuma ya viti, na tangi la mafuta likasogezwa karibu na katikati.

Mdomo wa kuvuta hewa ya injini ulipandishwa hadi usawa wa nguzo ya kioo cha mbele ili uvute hewa isiyo na vumbi wala maji. Hili la mwisho halikuleta shida yoyote msimu mzima. Eya klina ya sponji ilitolewa na kuwekwa nyingine safi kila sevisi (muda mfupi wa matengenezo katikati ya mashindano), na ndani ya bomba la kuelekea turbo hapakuonekana vumbi hata mara moja. Ni badiliko la bei ndogo ambalo timu yoyote inaweza kuliiga kesho.

Majaribio kabla ya msimu

Majaribio yalichukua siku mbili, jumla ya kilomita 140, kwenye barabara ya shamba la binafsi. Njia ilikuwa ya moramu, pana, yenye matuta machache. Gari lilikimbia peke yake bila vumbi la gari lililotangulia, na majani ya pembeni yalikuwa yamefyekwa. Kipande kirefu kilichokimbiwa bila kusimama kilikuwa kilomita 9.

Saa zilitoa matokeo mazuri kuliko matarajio ya wote, na dereva alisema gari linapita juu ya matuta bila kumtupa. Kila kilichofuata kinapaswa kusomwa kwa kukumbuka kilomita zile 9.

Raundi ya kwanza hadi ya tatu

Raundi ya kwanza ilikuwa kwenye nyanda zenye mawe. Katika mikondo miwili ya mwanzo gari lilipata muda wa tatu kwa jumla, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa timu hiyo. Katika mkondo wa nne, baada ya kuruka ukingo wa drifti, shafti ya mbele kulia, inayopeleka nguvu kwenye gurudumu, ilivunjika kwenye jointi ya ndani, ile ya upande wa injini. Gari likaishia hapo.

Uamuzi wa timu jioni ile ulikuwa kwamba shafti ilikuwa mbovu toka dukani. Ni hitimisho linaloeleweka: shafti za zamani zilidumu misimu mitatu, na hii ilivunjika baada ya kilomita zisizofika 250. Wakaagiza nyingine kutoka kwa muuzaji tofauti. Jointi iliyovunjika ikawekwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu bila kufunguliwa.

Raundi ya pili ilikuwa kwenye vumbi la Bonde la Ufa. Katika sevisi ya kwanza fundi alikuta mpira wa shafti ya kulia, unaofunika jointi na kutunza grisi yake, umechanika na grisi imetapakaa ndani ya rimu. Walibadilisha shafti nzima. Kwenye gari la zamani kazi hiyo ilichukua dakika 12. Sasa ilichukua 21, kwa sababu shokabzoba ndefu na mkono mpya vililazimu kufungua boliti mbili zaidi kabla ya habu kuinama vya kutosha kuitoa shafti. Sevisi yote ilikuwa ya dakika 30. Zile dakika 9 za ziada ndizo zingetumika kusafisha rejeta.

Mchana joto la maji lilifika nyuzi 114 na dereva akapunguza mwendo. Baada ya kituo cha kukusanyika, ambako magari husubiri kabla ya kuendelea, gari lilikataa kuwaka, stata ikizunguka kwa uvivu, na wakaingia kituo cha muda wakiwa wamechelewa dakika 4. Adhabu ni sekunde 10 kwa kila dakika, hivyo sekunde 40. Walimaliza wa saba. Chanzo cha uvivu wa stata kilipatikana haraka. Betri ilipohamishiwa nyuma, waya ulirefuka hadi mita 4 lakini unene ukaachwa milimita za mraba 25, na waya wa kurudishia umeme ulifungwa kwenye bodi iliyopakwa rangi. Waliweka waya wa milimita za mraba 50, wakakwangua rangi mpaka chuma, na tatizo halikurudi.

Gari lilipooshwa gereji, ufa wa milimita 40 ulionekana kwenye kikombe cha bodi kinachobeba kichwa cha shokabzoba ya mbele kushoto. Ulianzia kwenye nukta ya kuchomelea ya kiwandani.

Raundi ya tatu ilikuwa na mikondo mirefu kuliko yote ya msimu, na ndipo injini iliposhindwa. Rekodi ya kompyuta ya gari inaonyesha joto la maji likipanda taratibu kuanzia kilomita ya nane, likafika 113, kisha likashuka ghafla hadi 96. Dereva aliona namba inashuka, akaamini gari limepata nafuu, akakanyaga. Kilomita 3 baadaye gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua.

Uamuzi wa kuikosa raundi ya nne

Mezani palikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kurudisha miguu na rejeta za zamani, kazi ya siku sita, na kumaliza msimu na gari wanalolifahamu. Ya pili ni kubadilisha gasketi, kununua shafti nyingi zaidi na kwenda raundi ya nne wiki tatu baadaye. Ya tatu, waliyoichagua, ni kuikosa raundi ya nne kabisa na kutumia wiki saba kutafuta chanzo.

Mwenye timu alipinga mwanzoni, kwa sababu mfadhili alikuwa amelipia raundi zote. Kilichombadilisha ni hesabu ya mhandisi. Kwenda raundi ya nne na shafti sita za akiba kungegharimu karibu sawa na wiki saba za kazi gereji, na kama chanzo hakijulikani, shafti ya saba ingehitajika pia. Mfadhili alielezwa ukweli kwa barua ya ukurasa mmoja yenye picha za jointi. Alikubali.

Tunaona huu ndio uamuzi bora wa msimu, na ulifanywa kwa uchungu. Timu nyingi ndogo huogopa kukosa raundi kuliko zinavyoogopa kurudia kosa lile lile mbele ya watu.

Uchunguzi wa shafti

Jointi zote zilizoharibika, nne kwa idadi, zilitolewa kwenye ndoo na kufunguliwa. Grisi ilikuwa nyeusi na ukiisugua kati ya vidole ina chembe kama sandipepa. Magurudumu madogo ya ndani yalikuwa na rangi ya buluu, dalili ya joto kali. Kilichofumbua fumbo kilikuwa mipira. Mpira uliokatwa na jiwe huwa na mdomo mkali, na mkato huanzia nje. Hii ilikuwa imechanika kwenye mkunjo wa tatu, na kingo zake zilikuwa laini zenye kung'aa, kila mmoja mahali pale pale. Mikunjo ilikuwa ikisagana yenyewe kwa yenyewe. Wauzaji wote wawili hawakuwa na hatia.

Hesabu ni fupi. Urefu wa shafti kati ya jointi ya ndani na ya nje ni karibu milimita 400. Kwenye gari la zamani, gurudumu liliponing'inia hadi mwisho, kitovu chake kilikuwa milimita 110 chini ya jointi ya ndani, na shafti ililala kwa nyuzi 16. Kwenye gari jipya kitovu kilishuka hadi milimita 160 chini, na mlalo ukawa karibu nyuzi 24. Jointi za ndani za aina hiyo, zenye magurudumu matatu madogo, kwa kawaida huishia kati ya nyuzi 23 na 26. Kwa hiyo kila gurudumu lilipoacha ardhi, jointi ilikuwa ukingoni kabisa.

Katika milimita 50 zilizoongezeka, 30 zilitoka kwenye shokabzoba na 20 zilitoka kwenye kuinua bodi. Watu husahau hizi 20. Ukiinua bodi, injini na jointi za ndani hupanda nayo huku gurudumu likibaki chini, hivyo shafti inaanza safari ikiwa tayari imelala.

Mambo yalifuatana hivi. Mpira unasagika kwenye ning'inio, unachanika, feshi-feshi inaingia, grisi inageuka kuwa tupa, magurudumu madogo yanapata joto na kulegea. Kisha unakuja mruko ambao dereva hajaachia mafuta. Gurudumu likiwa hewani linazunguka kasi kuliko gari, linapotua linashikwa ghafla, na mshtuko wote unapita kwenye jointi iliyochoka katika pembe mbaya kuliko zote.

Ukaguzi ambao ungeyaonyesha haya kabla ya msimu huchukua saa mbili. Unatoa springi, unaacha shokabzoba, unafunga gurudumu, kisha unalisukuma kwa jeki kutoka juu kabisa hadi chini kabisa ukisimama kila milimita 20. Kila kituo unazungusha gurudumu kwa mkono na kukata stelingi kushoto na kulia hadi mwisho. Unatazama mpira wa shafti, bomba la breki, waya wa ABS na nafasi kati ya tairi na bodi. Timu ilikagua gari likiwa limesimama kwenye urefu wake wa kawaida tu. Ukaguzi huo ulipofanyika katika wiki saba hizo ulifichua pia kwamba bomba la breki la mbele kushoto lilikuwa linavutika hadi kukaza kwenye ning'inio kamili. Lilikuwa halijapasuka bado.

Uchunguzi wa rejeta

Kushuka kwa joto kutoka 113 hadi 96 katika raundi ya tatu hakukuwa nafuu. Sensa ya joto hupima maji yanayoigusa. Mvuke ulipojaa kwenye hedi, sensa ilibaki hewani na kusoma joto la mvuke na la chuma kilichoizunguka, huku hedi yenyewe ikiungua.

Mvuke ulitoka wapi? Rejeta ilipolazwa, kichwa chake kilishuka, na chupa ya kujazia maji ilifungwa kwenye mabano yale yale ya zamani. Sehemu ya juu kabisa ya mfumo ikawa nyumba ya themostati, mahali pasipo na njia ya kutolea hewa. Kila walipojaza maji, hewa kidogo ilibaki hapo. Hewa hiyo haikuonekana katika kilomita 9 za majaribio kwa sababu maji hayakuwa yamepata muda wa kuchemka.

Mwinuko uliongeza shida. Naivasha iko karibu mita 1900 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni shinikizo linalotunzwa na kifuniko. Kifuniko kizima cha bar 1.1 hupandisha kiwango hicho hadi karibu 119. Kifuniko cha gari hili kilipopimwa kwa pampu kiliachia kwenye bar 0.7. Hewa ya huko ni nyepesi pia, hivyo rejeta hupoza kwa udhaifu na turbo huzunguka kwa kasi zaidi kutafuta shinikizo lile lile, ikiongeza joto. Gari linalopoa vizuri Mombasa halina dhamana yoyote Elmenteita.

Tatizo la tatu lilikuwa mbegu za nyasi. Katika umbo la V, pembe ya chini kati ya kipoza hewa na rejeta ilikuwa mfuko uliofichika. Mafundi walisafisha uso wa mbele walioweza kuuona. Mfuko ulipofunguliwa gereji ulitoa mbegu na vumbi la kujaza mikono miwili, na theluthi moja ya mapezi ya rejeta ilikuwa imeziba kabisa. Wakati wa mashindano walipulizia upepo wa kompresa kutoka mbele, jambo lililozidi kuzisukuma mbegu ndani.

Marekebisho

Miguu: ndani ya kila shokabzoba ya mbele iliwekwa bushi ya kuzuia ning'inio, ikilipunguza kutoka milimita 120 hadi 110, na bodi ikashushwa milimita 10. Kitovu sasa kinashuka milimita 140 chini ya jointi, mlalo wa nyuzi 20 na nusu. Walipoteza milimita 10 tu za ning'inio, na dereva hakuhisi tofauti. Mipira ya shafti ilibadilishwa kuwa ya mikunjo mirefu zaidi, na mabomba ya breki yakarefushwa milimita 60.

Vikombe vya shokabzoba vilikwanguliwa rangi, ufa ukatobolewa tundu dogo mwishoni ili usiendelee, ukachomelewa, na juu yake ikawekwa bamba la milimita 3 lililofuata umbo la kikombe. Kizuizi cha mpira cha mwisho wa mwendo kilirefushwa ili kianze kugusa mapema na kwa ulaini. Ufa ule ulitokana na springi laini kuruhusu shokabzoba kufika mwisho mara nyingi zaidi, kila mara ikipiga kikombe kama nyundo.

Rejeta ilibaki imelazwa. Chupa ya kujazia ilipandishwa milimita 90 na kuwa juu ya vyote, na bomba jembamba la kutolea hewa likatoka nyumba ya themostati hadi kwenye chupa. Kando za V zilizibwa kwa bati ili hewa isikwepe. Mbele iliwekwa wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 2 kwenye reli, unaochomolewa kwa sekunde chache. Chini ya pembe ya V kukakatwa mlango mdogo wa kusafishia, na upepo sasa unapuliziwa kutoka upande wa injini kwenda mbele. Zaidi ya sensa ya joto iliongezwa sensa ya shinikizo la maji: joto likishuka huku shinikizo likiyumba, taa nyekundu huwaka na dereva husimama.

Majaribio ya pili yalifanyika kwenye njia mbovu iliyojaa nyasi, kilomita 28 mfululizo, saa saba mchana, gari jingine likitangulia kutimua vumbi. Joto la juu lilikuwa 101.

Jambo moja lilirekebishwa nje ya gari. Mwelekezi na dereva waliandika upya utaratibu wao wa noti. Tahadhari za drifti zilikuwa zimeandikwa kwa gari la zamani, na dereva alishazoea kuzipuuza kwa sababu gari jipya lilipita. Matokeo yake yalikuwa rimu tatu zilizopinda na ngao ya chini iliyochanika katika raundi tatu. Sasa drifti zina madaraja matatu, na penye daraja la juu dereva huachia mafuta kabla gurudumu halijaondoka ardhini.

Raundi ya tano hadi ya saba na matokeo

Raundi ya tano walimaliza wa tano, ya sita wa tatu kwenye matope, na ya saba wa nne. Hakuna shafti iliyovunjika. Mpira mmoja ulibadilishwa kwa tahadhari baada ya jiwe kuukata, na safari hii mkato ulikuwa wa nje. Pengo dhidi ya Rally2 kwenye njia mbovu lilipungua kutoka sekunde tatu kwa kilomita hadi moja na robo.

Kwa pointi za msimu mzima walikuwa wa tisa. Msimu uliotangulia, na gari la polepole, walikuwa wa sita.

Uchambuzi

Wazo la miguu mirefu lilikuwa sahihi, na saa za mikondo zinalithibitisha tangu raundi ya kwanza. Kosa lilikuwa kuichukulia shokabzoba kama kipuri kinachosimama peke yake. Shafti, bomba la breki, kikombe cha bodi, muda wa sevisi na noti za mwelekezi vyote vilikuwa vimepimwa kwa mwendo wa milimita 190. Hakuna aliyeandika orodha ya kila kitu kinachoguswa na gurudumu linaposhuka, na orodha hiyo ingekuwa na mistari isiyozidi 15.

Kubadilisha mambo manne kwa pamoja kuliwaficha chanzo. Gari lilipopata joto raundi ya pili, wengine walishuku springi laini kwa kuinamisha pua, wengine boneti ya faiba, wengine rejeta. Kama rejeta ingeachwa wima msimu huo, shafti zingekuwa tatizo pekee na zingefunguliwa mapema. Kwa maoni yetu kulaza rejeta kungesubiri mwaka mmoja. Faida yake ya kupoza ilikuwa ndogo, na ulinzi dhidi ya mawe ungepatikana kwa wavu ule ule wa milimita 2.

Kilo 70 zilizopunguzwa ndizo zilizokula fedha nyingi kuliko badiliko lolote, na ndizo ambazo athari yake haionekani wazi kwenye saa. Fedha hizo zingelipia siku mbili zaidi za majaribio na shafti nne. Gari la kundi hili hupoteza muda penye mashimo, na penye mashimo kilo 70 hazisemi sana.

Kilichowaokoa ni mazoea mawili ya zamani. Kompyuta ya gari ilirekodi kila mkondo na faili zilihifadhiwa kwa jina la raundi, ndiyo maana ile namba 96 ilipatikana wiki kadhaa baadaye. Na fundi mkuu hakutupa vyuma vilivyovunjika, ingawa mwanzoni havikufunguliwa. Tangu hapo kila kipuri kinachoshindwa hufungwa kwenye mfuko wenye karatasi ya raundi, mkondo, kilomita na upande, na hufunguliwa kabla kingine hakijaagizwa.

Tatizo moja bado liko wazi. Bushi za difu ya nyuma zimeanza kupasuka kila baada ya raundi mbili, jambo ambalo gari la zamani halikuwa nalo. Ukaguzi wa jeki kwa upande wa nyuma ulionyesha shafti ziko salama kwenye nyuzi 18, hivyo sababu si pembe. Mhandisi anashuku propela shafti, ile ndefu inayopeleka nguvu nyuma, ambayo mlalo wake kuelekea difu ulibadilika nyuma ilipoinuliwa. Kipimo cha kwanza kitakuwa mlalo huo, gari likiwa na tangi lililojaa na watu wawili ndani.